Utando wa protini ya mashudu ya alizeti: krosilinki zinapimwaje?

mwanaalizeti

Habari za muda huu wakuu. Wale wa kemia ya chakula, polima na hata wa lishe ya mifugo naombeni msaada, nimekwama sehemu moja na supavaiza anasubiri jibu.

Niko Morogoro nasoma masters. Mradi wangu ni kutengeneza utando wa kufungia chakula kutoka kwenye protini ya mashudu ya alizeti, yale mabaki ya mashine za kukamua mafuta kule Singida na Dodoma ambayo mengi yanaishia kuwa chakula cha mifugo. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku hapa kwetu Juni 2019 watu wanatafuta mbadala na mimi naamini kabisa hii protini ina nafasi yake, ila utando wake ukiuacha ulivyo ukigusa maji tu unalegea na kuchanika, kwa hiyo lazima minyororo ya protini ishikanishwe kwa kemikali, ndo hizo krosilinki.

Ninavyofanya: mashudu nayasaga, naondoa mafuta yaliyobaki kwa heksani, nakamua protini kwenye maji ya pH 9, nashusha mpaka pH 4.5 protini inazama, naiosha na kuikausha. Kwenye utando natumia gramu 5 za protini kwa mililita 100 za maji, napandisha pH mpaka 10, napasha moto nyuzi 80, naweka gliserini gramu 40 kwa kila gramu 100 za protini, halafu glutaraldehaidi (ndo kemikali ya kushikanisha) kwa viwango tofauti, namimina kwenye sahani na kukausha kwenye oveni nyuzi 40.

Shida iko kwenye kupima. Supavaiza anataka namba moja tu, kiwango cha krosilinki kwa asilimia. Nimepiga FTIR (kipimo cha mwanga wa infraredi kinachoonyesha aina za vifungo), tando zenye glutaraldehaidi na zisizo nayo mistari inafanana karibu kila kitu. Nikaenda kwenye ninihidrini (reajenti inayotoa zambarau ikikutana na amini) kuhesabu amini zilizobaki huru, yaani yale makundi ya naitrojeni kwenye protini ambayo glutaraldehaidi inayashika, hapo amini zimeshuka zaidi ya nusu ukilinganisha na utando usio na kemikali, nikafurahi. Lakini nikitumbukiza tando hizo hizo kwenye maji kwa masaa 24 zinavimba karibu sawasawa na zinapoteza uzito karibu sawasawa. Nikiongeza glutaraldehaidi amini zinazidi kushuka ila kuyeyuka hakubadiliki. Na kingine, hata ule utando usio na kemikali una amini chache kuliko wa soya niliouweka pembeni kulinganisha, na una rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia.

Sasa niamini kipimo gani? Vifaa nilivyonavyo ni spektrofotometa ya mwanga wa kuonekana (inaanzia nanomita 325), Kjeldahl (ya kupima naitrojeni), sentrifuji, oveni, mzani mzuri. Mashine ya kuvuta tando kupima nguvu iko idara nyingine naweza kuomba. Za kisasa zaidi ya hapo hatuna.

fundi_polima

Mkuu swali lako zuri sana na data zako hazipingani kama unavyodhani, zinajibu maswali mawili tofauti.

Tuanze na FTIR ili uachane nayo mapema. Protini yote ni mnyororo wa vifungo vya amaidi, kwa hiyo lile eneo la namba za mawimbi 1600 mpaka 1700 kwa sentimita limejaa mlima mmoja mkubwa wa amaidi ya kwanza. Kifungo kinachotokea aldehaidi ikikutana na amini kinatokea kwenye 1640 hivi, yaani kinazikwa hapo hapo chini ya huo mlima. Kifungo cha laisini (asidi amino yenye amini huru) na glutamini kwa wanaotumia transglutaminesi, kimeng'enya cha kuunganisha protini, ndo kabisa, chenyewe ni amaidi kama zile maelfu zilizokuwepo. Unatafuta badiliko dogo sana kwenye kitu kikubwa sana. FTIR itakwambia umbo la protini limebadilika kidogo au maji yameongezeka, krosilinki kwa asilimia haikupi. Weka picha kwenye kiambatisho inatosha.

Sasa ninihidrini. Ile inahesabu amini zilizobaki huru, basi. Amini ikipungua maana yake kuna kitu kimeishika, HAIMAANISHI kitu hicho kimeishikanisha na mnyororo mwingine. Glutaraldehaidi ina ncha mbili, na ili krosilinki ipatikane zote mbili lazima zishike, tena kwenye minyororo miwili tofauti. Ncha moja ikishika laisini na ya pili ikabaki inaning'inia, kama mtu aliyedaka kamba kwa mkono mmoja tu, amini imeshapotea kwenye hesabu yako lakini utando haujapata nguvu yoyote. Na ncha zote mbili zikishika laisini mbili za molekuli ile ile moja umepata kitanzi ndani ya protini, hesabu imeshuka amini mbili, mtandao haujaongezeka hata kidogo.

Ndo maana ukiongeza dozi amini zinazidi kushuka na utando haubadiliki. Kemikali ikiwa nyingi kuliko laisini kila laisini inapata molekuli yake mwenyewe, ncha ya pili haina pa kwenda kwa sababu jirani wote wameshachukuliwa. Alizeti laisini yenyewe ni chache, gramu 3 na nusu hivi kwa gramu 100 za protini wakati soya inafika 6, kwa hiyo hapo kwako unafika huko mapema zaidi. Jaribu kushuka na dozi usipande.

Na unaweka glutaraldehaidi kwenye pH 10 na mchuzi ukiwa wa moto? Kwenye pH ya juu inaungana yenyewe kwa yenyewe. Acha mchuzi upoe, shusha pH mpaka karibu 8, ndo uiweke huku unakoroga.

bi_maabara

Naongezea hapo kwa fundi. Mimi nimeshughulika na ninihidrini miaka mingi kwenye maabara ya malisho, na ni kipimo kizuri tu ila kinahitaji adabu.

Kwanza mdogo wangu nikuulize, bafa yako ni ipi? Kama kuna sehemu yoyote umetumia Trisi, itoe leo leo. Trisi ina amini, inakula glutaraldehaidi yako kabla ya protini na ikibaki kwenye utando inakupandishia usomaji wa ninihidrini. Tumia fosfeti kwenye kutengeneza na asiteti kwenye kupima. Vivyo hivyo wengi wakimaliza wanazima glutaraldehaidi iliyobaki kwa glaisini, ni sawa kabisa, lakini glaisini nayo ni amini, uoshe utando mpaka ile maji ya mwisho ukiipima kwa ninihidrini isilete zambarau.

Pili, usiweke kipande cha utando kizima kwenye neli. Utando wenye krosilinki reajenti haiingii vizuri ndani, kwa hiyo utando ulioshikana zaidi utaonekana una amini chache hata kama zipo, kwa sababu tu hazijafikiwa. Usage uwe unga, upitishe kwenye chekecheo moja kwa sampuli zote. Miligramu 5 mpaka 10, bafa ya asiteti ya pH 5 na kitu, ninihidrini, maji yanayochemka dakika 20, poza, ongeza mchanganyiko wa maji na isopropanoli nusu kwa nusu, zungusha kwenye sentrifuji, soma nanomita 570. Rangi nyingine inabaki imenasa kwenye unga, ile isopropanoli ndo inaitoa, ukiangalia unga bado ni wa zambarau basi hujamaliza.

Tatu, gawanya kwa miligramu za PROTINI siyo miligramu za utando. Utando wako wa gliserini 40 kwa 100 protini yake ni asilimia 71 tu hata kabla hujahesabu unyevu. Ukiuosha gliserini inatoka na protini inakuwa karibu yote. Sasa ukilinganisha utando ulioosha na ambao hujaosha kwa uzito wa utando umeshaharibu hesabu. Piga Kjeldahl kwa kila unga.

Nne ndo kubwa. Hiyo rangi ya kijani. Mashudu ya alizeti yana asidi klorojeniki, mara nyingi asilimia 1 mpaka 4 hivi kwenye unga uliotolewa mafuta. Ukiingiza kwenye pH 9 na hewa ipo inaoksidika inakuwa kwinoni, na kwinoni zinashika laisini, zinashika na makundi ya salfa ya sisteini. Kijani unachokiona ndo hicho. Kwa hiyo utando wako unaouita hauna kemikali una kemikali ya asili tayari, baadhi ya laisini zimeshachukuliwa kabla hujafungua chupa ya glutaraldehaidi. Ukichanganya na alivyosema fundi kwamba alizeti ina laisini chache tangu mwanzo, ndo maana soya inakuzidi.

Na hiyo rangi inafyonza mwanga kwenye 570 pia. Kila sampuli iwe na pacha wake, unga ule ule, bafa ile ile, kuchemsha kule kule, bila ninihidrini tu, halafu utoe. Siyo blanki ya maji, blanki ya utando.

soya254

Niaje wadau. Mimi niko Nairobi, nilifanya ya soya so nitaongea kwa soya lakini nadhani itakusaidia.

Bro kwanza kabla hujapeleka utando kwa mashine ya kuvuta, hakikisha unyevu ni sawa kwa zote. Maji yanalainisha protini vile vile gliserini inalainisha, utando mmoja ukikaa kwa meza siku ya mvua na mwingine siku ya jua utapata namba tofauti na hakuna krosilinki yoyote imebadilika. Sisi hatukuwa na chemba ya unyevu, tulitumia desiketa yenye majimaji ya magnesiamu naitreti iliyoshiba kabisa, yaani chumvi ingine ibaki chini haijayeyuka, kwa nyuzi 25 inashika unyevu wa asilimia 53. Weka tando humo siku mbili ndo uvute. Na pima unene sehemu kadhaa kwa kila kipande.

Pili jaribu SDS-PAGE kama unaweza kuomba mahali, ile ya kuyeyusha protini kwa sabuni ya SDS na kuitenganisha kwa uzito ndani ya jeli. Kwa soya ni rahisi kuona, mikanda ya beta-konglisinini iko juu, karibu kilodaltoni 70 na 50, na ya glisinini karibu 35 na 20, krosilinki zikitokea mikanda hiyo inafifia na kitu kizito kinabaki kimekwama pale juu kwa mlango wa jeli. Inashawishi sana kwa thesis.

Na kwa ile namba moja supavaiza anataka, mbona usitumie uvimbe? Kuna mlinganyo wa Flory na Rehner wa 1943, unapima utando umevimba mara ngapi, unapata uzito wa mnyororo kati ya krosilinki moja na nyingine, imeisha. Haihitaji mashine yoyote, mzani tu.

fundi_polima

Soya254 hilo la unyevu na chumvi ni ushauri wa dhahabu, na wengi wanaliruka. Lakini kwenye Flory-Rehner hapana ndugu yangu, hapo tutabishana.

Ule mlinganyo ulitengenezwa kwa mtandao kama wa mpira, minyororo inayojikunja ovyo, haina chaji, imevimba kwenye kiyeyusho ambacho ile namba ya mwingiliano inajulikana. Protini ina chaji, na chaji zinavuta maji zenyewe kwa hiyo ukibadilisha pH au chumvi uvimbe unabadilika wakati krosilinki ni zile zile. Tena glutaraldehaidi inafuta chaji za laisini, maana yake utando wako unabadilika chaji na krosilinki kwa wakati mmoja na huwezi kujua uvimbe umeshuka kwa sababu ipi. Halafu sehemu za protini bado zimekunjwa na zina vifungo vya haidrojeni, zinafanya kazi kama krosilinki na siyo krosilinki za kemikali. Ile namba ya mwingiliano watu wengi wanaiazima tu kwenye protini nyingine wanaipachika. Utapata namba yenye desimali nzuri na haina msingi. Ripoti uvimbe kama uvimbe, gramu za maji kwa gramu ya utando mkavu, kwenye bafa yenye pH na chumvi inayojulikana, hapo upo salama.

SDS-PAGE sawa, ila kumbuka inaonyesha kile tu kilichoyeyuka. Mtandao wenyewe, ambao ndo unautafuta, umebaki chini ya neli haujaingia kwenye jeli kabisa. Mikanda ikififia sema kiasi gani hakikutoka, usiishie kwenye picha.

soya254

Hiyo ya chaji nimeikubali, sikuwa nimeiangalia hivyo. Lakini kama uvimbe unapimwa kwa tando mbili zenye bafa moja si bado unalinganisha?

fundi_polima

Unalinganisha ndiyo, na ni kipimo kizuri cha matumizi, mtu wa kufungia chakula anataka kujua utando utavimba kiasi gani. Ninachokataa ni kukigeuza kuwa idadi ya krosilinki.

mwanaalizeti

Asanteni sana wakuu, na shikamoo bi_maabara. Bafa yangu ni fosfeti kwa hiyo hapo nipo sawa. Kusaga tando nitaanza kesho.

Maswali mawili. Moja, kuna mwenzangu kaniambia niweke sodiamu salfaiti wakati wa kukamua protini ili isiwe kijani, je nifanye? Mbili, kama ninihidrini haitoshi na Flory-Rehner haifai, mtandao wenyewe naupimaje kwa hivi vifaa nilivyonavyo? Maana kuyeyuka kwenye maji nimeshapima na hakunionyeshi tofauti.

bi_maabara

Marahaba mdogo wangu.

Salfaiti inazuia kijani kweli, lakini kwa kazi yako wewe inaleta balaa mbili. Inavunja vifungo vya disalfaidi (salfa kwa salfa) vya protini, kwa hiyo unabadilisha mtandao wa asili unaotaka kuupima. Na ikibaki inashika aldehaidi, yaani inakula glutaraldehaidi. Utaweka dozi ile ile na nusu yake isifike kwenye protini, na hutajua.

Njia safi zaidi ni kuitoa hiyo asidi klorojeniki kabla hujagusa alkali. Mashudu yaliyotolewa mafuta yaoshe kwa ethanoli iliyochanganywa na maji, asilimia 70 au 80 hivi, rudia mpaka ile ethanoli inayotoka chukua matone kadhaa weka kwenye kineli, tia alkali kidogo, ukiona haigeuki njano wala kijani umemaliza. Ethanoli inapatikana na unaweza kuikeneka tena. Utapoteza protini kidogo na nyingine itakuwa ngumu kuyeyuka kidogo, kubali. Halafu kamua kwa pH isiyozidi 8 na nusu, na usikae nayo muda mrefu kwenye hewa.

Fanya tando za aina mbili, za protini iliyooshwa ethanoli na za isiyooshwa, zote bila glutaraldehaidi. Ukiona ya kijani inayeyuka kidogo kuliko iliyooshwa, umepata tokeo zuri sana la kuandika, kwamba mashudu yenyewe yana uwezo wa kujishikanisha. Mimi ningelipenda hilo kuliko glutaraldehaidi kwa kweli, hasa kwa kitu kinachogusa chakula.

fundi_polima

Swali la pili najibu mimi na hapa ndo moyo wa kazi yako ulipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Maji matupu hayatofautishi kwa sababu protini kwenye utando imeshikwa na vitu vingi: vifungo vya haidrojeni, zile sehemu zinazokimbia maji zinazokumbatiana, disalfaidi, na krosilinki zako. Kwenye maji hata utando usio na kemikali unaweza kubaki mzima kwa sehemu kubwa kwa sababu ya hivyo vingine. Inabidi uvivunje kwa zamu mpaka zibaki krosilinki peke yake.

Chukua unga wa utando uleule ugawe neli tatu. Ya kwanza bafa ya fosfeti pH 7 tu. Ya pili bafa hiyo na SDS asilimia 2 na yurea molari 8, hapo vifungo dhaifu vyote vinaachia. Ya tatu ni kama ya pili ukaongeza mekaptoethanoli au DTT, hapo na disalfaidi zinakatika. Tikisa masaa 24 kwenye joto la chumba, zungusha, tenga. Protini inayotoka kwenye ya pili ikizidi ya kwanza ilikuwa imeshikwa na nguvu dhaifu. Inayoongezeka kwenye ya tatu ilishikwa na disalfaidi. Ile inayokataa kutoka hata kwenye ya tatu ndo iliyomo kwenye mtandao wa vifungo imara, yaani krosilinki za glutaraldehaidi pamoja na za kwinoni. Kwa hiyo utando usio na glutaraldehaidi LAZIMA upite neli hizo hizo tatu, tofauti ya mabaki ya neli ya tatu kati ya hizo tando mbili ndo mchango wa kemikali yako.

Sasa unapimaje protini kwenye neli hizo, hapa ndo watu wanaangukia. Njia za rangi za kupima protini zote zina shida: Bradford inaharibiwa na SDS. BCA inaharibiwa na mekaptoethanoli na DTT. Lowry inadanganywa na fenoli, na alizeti imejaa fenoli. Kjeldahl kwenye mchuzi wenye yurea usithubutu, yurea ni naitrojeni tupu. Kupima uzito wa mabaki nako kuna mtego, SDS inang'ang'ania kwenye protini na inaongeza uzito.

Suluhisho lako lipo tayari kwenye maabara. Usipime mchuzi, pima MABAKI kwa Kjeldahl. Yaoshe mabaki kwa maji mara kadhaa mpaka yurea iishe kabisa, yakaushe, choma yote. SDS haina naitrojeni, DTT haina, gliserini haina, glutaraldehaidi haina, kwa hiyo naitrojeni yote iliyobaki ni ya protini. Gawanya kwa naitrojeni ya unga wa mwanzo. Hata ule ubishi wa kuzidisha kwa 6.25 au kipengele kingine haukuhusu kwa sababu ni naitrojeni juu ya naitrojeni.

Jambo lingine kwenye ile hesabu ya kuyeyuka kwa maji uliyokwisha fanya. Chukua mfano wa utando mkavu wa gramu 0.500 uliopoteza gramu 0.200, ukiandika umeyeyuka asilimia 40 umekosea maana kwa gliserini yako ya 40 kwa 100 gramu 0.143 kati ya hizo ni gliserini tu, ambayo inatoka yote krosilinki ziwepo zisiwepo. Protini iliyotoka ni gramu 0.057 kati ya 0.357, ambayo ni asilimia 16. Sasa ukilinganisha tando mbili kwa ile namba ya 40 na kitu, gliserini inafunika tofauti. Inawezekana kabisa tofauti unayoitafuta ipo kwenye data zako za sasa hivi, zirudie kwenye karatasi kabla hujarudi maabara. Na usikaushe utando wenye gliserini kwenye nyuzi 105 kupata uzito wa mwanzo, gliserini kiasi inapaa na utahesabu kama maji. Kausha kipande pacha kwa nyuzi 60 au 70 kwenye vakyumu, au kiache kwenye desiketa yenye silika mpaka uzito utulie.

bi_maabara

Na kama unaweka sodiamu azaidi kwenye maji ya masaa 24 kuzuia bakteria, weka kidogo tu ila usiimwage kwenye sinki na usiichanganye na asidi, gesi inayotoka ni sumu kali. Weka kwenye chupa yake ya taka. Wanafunzi wanaisahau hii kwa sababu ni unga mweupe wa kawaida tu machoni.

mwanaalizeti

Nimerudia ile hesabu ya gliserini usiku huu kama alivyosema fundi. Tofauti ipo! Siyo kubwa ila ipo, na inaonekana kwenye dozi ya chini zaidi kuliko ya juu, ambayo mimi nilikuwa naiona kama haina maana. Sasa naielewa.

La mwisho, supavaiza bado anataka asilimia moja ya krosilinki. Niandikeje? Na kuna mpango wa kujaribu transglutaminesi baadaye kwa sababu ya usalama wa chakula, je mfumo ni huu huu?

fundi_polima

Andika vyote viwili kwa majina yake, kwenye jedwali moja, safu zikifuatana. Safu ya kwanza amini zilizoshikwa, asilimia, kwa ninihidrini. Safu ya pili protini isiyotoka kwenye SDS, yurea na DTT, asilimia, kwa Kjeldahl. Usiite ya kwanza kiwango cha krosilinki. Halafu mweleze supavaiza kwamba ukichora ya pili dhidi ya ya kwanza utaona dozi ipi inazalisha viungo vya kweli na dozi ipi inamaliza laisini bure. Hiyo picha ina thamani kuliko asilimia moja, na sidhani kama atakataa akiiona. Kama anashikilia namba moja mpe ya pili, kwa sababu ndo inayohusu mtandao.

Kwa transglutaminesi mfumo wa neli tatu ni ule ule, hakuna cha kubadilisha. Upande wa amini ndo kuna jambo. Kimeng'enya kikiunganisha glutamini na laisini kinatoa amonia moja kwa kila kifungo, na amonia inaleta rangi kwenye ninihidrini, kwa hiyo usipoosha utaona amini hazijapungua wakati zimepungua. Wapo wanaopima hiyo amonia yenyewe kama hesabu ya vifungo, ni wazo zuri ila laisini zikiwa chache kimeng'enya kinatumia maji badala ya laisini, amonia inatoka na kifungo hakuna. Kwa alizeti yenye laisini chache ningelichukulia hilo kwa tahadhari kubwa.

soya254

Na usifikirie kupeleka sampuli ya transglutaminesi kwa uchambuzi wa asidi amino wa kawaida ule wa kuchemsha na asidi, kile kifungo kinakatika humo na laisini inarudi kama haikuwahi kushikwa. Inabidi imeng'enywe kwa vimeng'enya mpaka mwisho ndo kile kipande cha glutamili-laisini kionekane, na hiyo inataka HPLC, mashine ya kutenganisha kemikali. Ukifika hapo niandikie inbox, nitakuunganisha na watu wa chuo huku wanayo mashine.

bi_maabara

Mwanaalizeti, ukianza kuosha na ethanoli pima Kjeldahl ya unga kabla na baada, na weka kando gramu kama 50 za mashudu ya gunia hilo hilo kwenye friza. Alizeti ya msimu mwingine au ya mashine nyingine iliyopashwa moto zaidi itakupa protini tofauti kabisa, kukamua kwa joto kali kunashikanisha protini hata kabla hujainunua, na bila mashudu ya mwanzo hutaweza kurudia kitu chochote mtahini akikuuliza.

mwanaalizeti

Gunia lipo nusu, nitaweka na zaidi ya gramu 50. Ethanoli nimeshaagiza leo asubuhi. Nikipata namba za neli tatu nitazileta hapa hapa mzichambue.